Mlango wa Bi Kimya

Kila neno la kisa hiki ni kweli. Naapa kwa magoti yangu mawili, maana ndiyo mali pekee niliyotoka nayo kazini, na nikidanganya yakatae kuniinua kitini. Wapo watakaosema mzee wa boila ana chumvi. Chumvi ninayo, sikatai, ila leo nimeiacha jikoni.

Kiwanda chetu kilikuwa cha kufua nguo. Usifikirie dobi wa ndoo na kamba. Mapipa yetu ya kufulia yalikuwa makubwa hata ng'ombe angeingia, akageuka, akatoka bila kugusa ukuta. Mashine ya rola ililimeza shuka bichi upande huu na kulitema upande wa pili likiwa kavu, limenyooka kama ukurasa. Hospitali na hoteli zilituletea machafu yao kwa malori, nasi tukawarudishia weupe. Mimi nilikaa kwenye boila nikipika mvuke. Na kelele za pale zilikuwa kelele kweli: mtu akikupigia ukelele sikioni, unaona meno yake tu.

Kwa hiyo tulisema kwa mikono. Kuvuta sikio maana yake meneja anakuja. Kubana pua, mzigo umetoka wodini. Ngumi juu ya kiganja, simamisha mashine. Maneno yalitutosha, hata ya kusengenyana, na mtu aliweza kuzeekea pale bila wenzake kuijua sauti yake.

Ndivyo alivyoishi Bi Kimya. Alikuwa mkunjaji, na shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mwenzake alikuwa Dada Redio, aliyeongea mfululizo hata pale palipokuwa hapasikiki kitu. Wakati wa chai walikaa pamoja pembeni, Redio akaongea kwa niaba ya wote wawili. Sisi tulidhani yule mwanamke ana haya. Redio peke yake ndiye aliyejua kuwa mwenzake kazaliwa ng'ambo ya mto, na kwamba akifungua kinywa, neno la kwanza tu linamtangaza. Redio hakuwahi kutunza siri nyingine yoyote maishani mwake. Hata ya harusi ya dada yake aliitoa kabla bwana harusi hajajua.

Na miaka ile kuwa wa ng'ambo hakukuwa jambo la kutangaza. Bei ikipanda, ni wao. Bomba likikauka, ni wao. Kuna mtu alidai hata mbu wameongezeka kwa sababu yao, na watu wazima wakatikisa vichwa kukubali.

*

Mumewe Bi Kimya alikuwa fundi viatu, mtu mpole, mwenye mabega ya kuomba radhi. Waliishi chumba na sebule, wao na binti yao mdogo. Alfajiri moja jiwe lilipasua kioo cha dirisha, likapita juu ya kichwa cha mtoto aliyelala mkekani, likamkuta baba kwenye nyusi. Alipotoka nje, damu ikimwingia jichoni, hakumwona mtu. Aliona mlango. Ulikuwa umeandikwa kwa brashi pana, rangi hafifu kama chai ya mgonjwa: NG'AMBO RUDINI KWENU.

Akachukua kitambaa na sabuni akasugua. Hayakutoka. Akachota mchanga akasugua, akatoa rangi ya mlango, maandishi yakabaki kwenye mti. Mkewe alisimama nyuma yake akimtazama. Kisha akasogea, akainama, akanusa mlango kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yamechacha. Alimfunga mumewe kitambaa kichwani, akamsuka mtoto nywele, akaja kazini.

Aliporudi mchana yale maandishi yalikuwa meusi. Jua liliyapiga yakaiva. Mumewe alikuwa amekopa rangi nyeupe kwa jirani na kupaka mara mbili, nayo yakapenya katikati ya weupe, kila herufi mahali pake. Mtoto, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusoma, alisimama mbele yake akiyasoma kwa sauti, akajivunia kwamba hakukosea.

Mwenye nyumba alikuja jioni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwoga mwenye nyumba, na hao ni hatari kuliko wabaya. Aliwaambia anawapenda, kodi wanalipa, kelele hawana, lakini leo wameandika, kesho wataleta kiberiti, na nyumba ni ya marehemu mumewe. Maandishi yakiwepo Jumamosi, wao wasiwepo.

Fundi viatu akaanza kufunga vitu vyake usiku huohuo. Vibao vya miguu, nyundo, kopo la gundi.

"Unafanya nini, baba?" mkewe alimuuliza.

"Nafanya tulichofanya pale pa kwanza. Na pale pa pili."

"Na huko tunakokwenda wana milango?"

Akaiweka nyundo chini.

"Wino ule ni wa kwetu kiwandani," mkewe akasema. "Ule wa kutia alama kwenye mashuka. Kwanza unakuwa rangi ya chai, ukipata joto unakuwa mweusi, na hautoki mpaka kitambaa chenyewe kioze. Harufu yake naijua kama jasho langu. Aliyeandika nafanya naye kazi."

"Hiyo ndiyo sababu ya kukaa, au ya kuondoka?"

Bi Kimya alisema bado hajajua. Wakalala na vitu nusu vimefungwa, nusu vimetawanyika.

*

Kesho yake alikwenda polisi, Redio akiwa ubavuni. Askari wa zamu aliuliza anamshuku nani. Akasema mtu wa kazini, jina halijui. Askari akaisikia ile lafudhi, akaweka kalamu chini, akamuuliza kwanza ana karatasi za kuishi nchini, na mlango wenyewe wa nani. Kwa hiyo mwenye mlango ndiye alalamike, alisema. Yeye mpangaji alete jina. Jeraha la mume? Mume mwenyewe aje, na jiwe. Redio aliongea pale mpaka askari akaenda kunywa maji, na hakurudi.

Wakaenda kwa meneja. Huyu alikuwa na moyo, isipokuwa moyo wake ulipitia kwanza kwa wakubwa wake. Alisikitika sana. Alimpa Bi Kimya kiti, kisha akamshauri apumzike nyumbani mpaka mambo yapoe, bila mshahara, maana kanuni ndiyo hiyo, ni kwa usalama wake mwenyewe. Redio akamuuliza kama aliyeandika naye atapumzishwa. Meneja akasema mambo yasifanywe makubwa. Bi Kimya hakupumzika, akarudi kwenye mashuka yake. Lakini hospitali moja kubwa ilikwisha kusikia, na hospitali kubwa haipendi mashuka yake yakunjwe mahali penye aibu, basi baada ya siku chache tukatangaziwa semina.

Semina ilifanyika palepale kazini, Ijumaa, mashine zikinguruma, kwa sababu mizigo haikusubiri. Mtoa mada alikuja na koti, chupa ya maji na kipaza sauti. Kwa heshima zote, tuliona meno yake tu. Nyuma yake walitundika shuka jeupe, wakaliangazia picha ya ule mlango.

Sasa, tulikuwa na bwana mmoja, Muhuri, mtia alama. Kila shuka lililoingia lilipita mikononi mwake: jina la hospitali, namba ya wodi, paa, linalofuata. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye fundo. Alikuwa mcheshi kuliko wote. Kila asubuhi alimuuliza Bi Kimya kwa mikono kama kalala vizuri, naye Bi Kimya humjibu kwa mkono, mbu, na wote wawili hucheka kicheko kisichosikika. Siku ile Muhuri alipanda juu ya furushi akiwa ameipa picha mgongo, akawa anatutafsiria mtoa mada. Alitazama mdomo wa yule bwana akabuni. Chuki akaifanya kwa kubana pua. Upendo akaufanya kwa namna nisiyoweza kuiandika hapa. Tulicheka mpaka mpiga rola akachoma foronya.

Kisha tukaacha kucheka, mmoja mmoja, kwa sababu meneja alikuwa amemnyooshea mkono Bi Kimya asimame. Ndiyo kwanza tunajua kuwa mlango ni wake. Muhuri akageuka kuona tunatazama nini, akauona mlango kwenye shuka, mkubwa kuliko ulivyo, na mwandiko. Mikono yake ilibaki hewani, katikati ya neno.

Bi Kimya alisimama. Alinitafuta mimi, kule mwisho, kupita vichwa vyote, akaweka ngumi juu ya kiganja.

Nilimtazama meneja. Akatikisa kichwa kukataa. Nilimtazama Bi Kimya, mwanamke ambaye hajawahi kuniomba hata kiberiti, mkono wake haujashuka. Nikafunga mvuke. Rola ikapunguza mwendo, ikakohoa, ikakaa. Mapipa yakazunguka mara ya mwisho, maji yakateremka. Kiwanda kile hakikuwahi kunyamaza tangu kijengwe, na kiliponyamaza nilisikia vitu ambavyo sikujua vipo: tone likidondoka, viatu vya watu, njiwa darini. Nilisikia hata moyo wa meneja.

"Mimi ni wa ng'ambo," Bi Kimya akasema. "Sauti yangu ndiyo hii. Mnisamehe kwa kuchelewa kuwasalimu."

Ilikuwa sauti nzito kidogo, yenye kuburuta maneno mwishoni. Wapo waliopumua kwa nguvu. Wapo walioinamisha macho, kwa sababu wiki ileile walikuwa wamesema hili na lile juu ya ng'ambo, mbele yake, kwa mikono.

"Wino ule ni wa hapa," akaendelea, na hakumtazama mtu. "Nyuma ya mlango ule alikuwa amelala mtoto wangu. Jiwe limepita juu yake, likampata baba yake. Asubuhi yake nikaja kazini, nyote mkanisalimu kwa mikono, na mimi nikawarudishia. Sikujua ni mkono upi."

Macho ya watu wote yalitoka kwake, yakahama taratibu mpaka kwenye vidole vyeusi. Muhuri alivitazama na yeye, kama vile amekabidhiwa sasa hivi.

"Jiwe si mimi," akasema kutoka juu ya furushi. Sauti yake yenyewe wengi wetu hatukuijua, ilikuwa nyembamba, ya mtu mdogo. "Dada, wallahi sikujua ni kwako."

"Ungejua, ungekwenda kwa jirani?"

Alifungua kinywa. Tulisubiri jibu, na njiwa darini nao wakasubiri.

Mpiga rola alikuwa amekwisha kumkamata ukosi na kumteremsha. Bi Kimya akamwambia amwache, ana shida naye. Akamwambia Muhuri kwamba kwa polisi atarudi, jina sasa analo, hilo halina mjadala wala wazee wa kulisuluhisha. Redio akasema atakwenda naye. Mwanamke wa mapipa akasema naye atakwenda. Mpiga rola akasema. Mwishowe walionyoosha mikono walikuwa wengi kuliko askari wa kituo kile.

"La pili," akasema Bi Kimya. "Mwenye nyumba ametupa mpaka kesho. Wino wako hautoki kwenye mti, unajua kuliko mimi. Nataka mlango."

Meneja akadakia kwamba kampuni itanunua mlango mpya, mzuri, na kitasa chake.

"Ahsante, bosi. Nunua, uweke stoo. Mimi nimeomba wake."

Mtoa mada alikuwa ameketi juu ya mzigo wa wodi bila kujua, kipaza sauti mapajani. Hakusema tena kitu, na nadhani ndiyo semina bora aliyowahi kutoa.

*

Jumamosi asubuhi Muhuri aling'oa mlango wa nyumba yao. Aliishi na mama yake, upande wa pili wa mtaa uleule. Mama alitoka na ufagio akamuuliza anaupeleka wapi mlango wake. Muhuri akamweleza, yote, misumari ikiwa mdomoni kwanza, kisha akaitoa akaeleza upya, maana mama alimwambia hajasikia. Mama hakumtukana. Alianza kufagia kizingiti kana kwamba mlango bado upo.

Mlango wenyewe ulikuwa wa mninga, mnene kama tofali, uzito wa mafahali wawili. Muhuri aliubeba mgongoni peke yake, kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Mji mzima ulitoka kutazama. Wauzaji waliacha mizani, kinyozi aliacha kichwa nusu, magari yalijipanga nyuma yake bila kupiga honi. Vijana aliokwenda nao alfajiri ile walikuwa kwenye kona yao. Walimwita, wakamcheka, kisha wakaacha, kwa kuwa hakuinua uso. Jasho lilimtoka likachora mstari barabarani, na mstari ule haukukauka mpaka Jumanne. Bi Kimya alikuwa kizingitini mwake akingoja, mikono kifuani, kama malkia anayeletewa kodi.

Mwenye nyumba alikuja na kidole chake kupima kama mlango utaingia. Uliingia, nyumba zote za pale zilijengwa na fundi mmoja mvivu. Fundi viatu ndiye aliyepiga misumari ya bawaba, kwa nyundo yake ya viatu, unyusi umevimba. Alipomaliza aliufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga, mpaka mkewe akamwambia inatosha, baba. Kisha akaingia ndani akafungua mzigo, akatoa vibao vya miguu na kopo la gundi, akavipanga kwenye rafu.

Muhuri akauchukua ule wa maandishi akarudi nao kwao, kwa sababu nyumba haikai wazi. Polisi walipokuja, maana safari hii walikuja, waliupiga picha ukiwa hapo, wakaamuru usibanduliwe wala kupakwa rangi mpaka kesi iishe. Kesi haina haraka. Kwa hiyo mama yake, ambaye babu zake walizikwa nyuma ya nyumba ileile, aliingia na kutoka chini ya maneno yale msimu mzima. Wapita njia wageni walimuuliza nani anawafukuza.

"Mwanangu," alijibu, akaendelea na safari yake.

Muhuri aliwataja wenzake, na aliyerusha jiwe. Hakimu aliwapa kila mtu chake. Muhuri alitumikia, akatoka, akarudishwa kiwandani kupakia malori, mbali na wino. Kila asubuhi humwinulia mkono Bi Kimya. Mpaka leo haujarudishiwa salamu.

Ila pale kiwandani kukazaliwa jambo. Kila mwezi mvuke hufungwa saa nzima. Mtu akitendewa ubaya kwa ajili ya alikozaliwa, au dini, au ngozi, au kilema, anasema siku hiyo, na wapo waliochaguliwa, Redio akiwa mkubwa wao, wa kwenda naye kituoni na zahanati na kukaa naye mpaka aandikwe. Siku zake analipwa. Meneja aliweka sahihi, baadaye akawa anajisifu kwamba wazo ni lake.

*

Mimi nimestaafu, lakini wananiita saa hiyo niwasimulie wageni kazini kisa hiki. Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama mbele ya rola iliyolala, nimefika kwenye mafahali wawili na mji mzima. Vijana midomo wazi. Nikamwona Bi Kimya, mvi zimemjaa, anainua mkono kutoka nyuma.

"Mzee wa boila, ulikuwapo?"

Nikasema nilikuwa kwenye boila, lakini habari zilinifikia zikiwa moto.

"Mlango ulikuwa wa mbao za masanduku," akasema. "Na mimi sikuwa kizingitini. Nilikwenda kwao kuhakikisha analeta wa kwao, asije akaokota mahali. Nikamfuata nyuma. Pale kwenye mteremko ulimwelemea, akapiga goti. Watu walikuwa wamejaa, kweli, na wote walikuwa na mikono. Hakuna aliyeshika. Basi nikapita mbele, nikashika upande wa pili. Tumeubeba wawili mpaka kwangu."

Redio mwenyewe alikuwa amenyamaza, na hilo silikuzi hata kidogo. Kule mlangoni kwa malori Muhuri alikuwa ameshika furushi, hakuliweka chini wala hakulipandisha.

Msichana mmoja mgeni akauliza kwa heshima, "Kwa hiyo, mama, ulikuwa umeshamsamehe?"

"Hata. Nilikuwa nauonea huruma mlango wangu. Ungeanguka ungepasuka."

Watu walicheka, mimi sikucheka. Nilikuwa namwona mwanamke yule kwenye mteremko, mbele ya mtaa uliomwandikia aondoke, ameshika mlango upande wa pili, akitembea kinyumenyume kwa sababu mtu wa mbele ndiye anayerudi nyuma. Miaka yote nimeongeza mafahali na mninga na malkia, na kumbe kisa chenyewe nilikipunguza. Nikamuuliza mbona hajawahi kusema.

"Miaka yote mlikuwa mnamsikiliza mzee wa boila," akasema.

Saa ile ina sheria yake: atakayekamatwa na uongo anawanywesha chai zamu nzima, na kuimimina ni yeye. Redio akanyoosha kiganja mbele yangu. Chai ya zamu nzima si mchezo kwa pensheni ya boila. Nililipa, nikabeba birika mwenyewe, nikapita kwa kila mtu hadi kule mlangoni kwa malori. Kikombe cha Bi Kimya nilikijaza mpaka ukingoni, nikakishika kwa mikono yote miwili hadi alipokipokea.